HOTUBA: UKINZANI WA UMEME USIO NA KIPIMO KIMOJA



Kila waya unaopitisha umeme huuzuia kidogo, na kule kuzuia ndiko kunakoitwa ukinzani. Hupimwa kwa omu, kwa jina la Mjerumani Georg Ohm, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827. Kanuni hiyo yasema kwamba msukumo wa umeme ukizidishwa mara mbili, mkondo nao huzidi mara mbili. Waya wa shaba usiopata joto hutii. Lakini viko vyombo visivyotii, na viwili kati ya hivyo vimo humu mjini.

Cha kwanza ni globu ya zamani yenye uzi wa tungsteni. Globu ya wati 60 katika umeme wa volti 240, ikiwa inawaka, ukinzani wake ni omu 960. Ikiwa baridi, haufiki hata sehemu ya kumi ya hizo. Ndiyo sababu globu nyingi hukatika pale pale swichi inapobonyezwa: uzi baridi hupatwa na mkondo mkubwa kabla haujapata joto la kuuzuia. (Mwenye nyumba humlaumu mtoto aliyewasha. Mtoto hana kosa.)

Cha pili hufanya kinyume, nacho ndicho chenye maana zaidi. Tazama juu ya nguzo ya transfoma, kwenye njia za volti 11,000 au 33,000: utaona vijiti vifupi vyenye mikunjo kama visahani vilivyopangwa. Hivyo ni vikinga-radi. Ndani ya vile vya siku hizi mna vidonge vya oksaidi ya zinki, ambavyo viliendelezwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1960. Siku zote vidonge hivyo ni kama mlango uliofungwa. Mkondo upitao ni mdogo mno. Radi ipigapo, msukumo hupanda na ukinzani huanguka ghafula: msukumo ukiongezeka kwa sehemu moja tu ya kumi, mkondo waweza kuzidi mara kumi na zaidi. Basi umeme wa radi hukimbilia ardhini badala ya kuingia katika transfoma. Ukiisha kupita, mlango hujifunga tena, bila mtu kuugusa.

Lakini mlango haufai kitu kama nyuma yake hakuna njia. Njia ni waya wa shaba ushukao nguzoni mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa. Udongo wa Nakuru, chini ya Menengai, ni wa majivu na mawe mepesi ya volkano. Ukikauka hupitisha umeme kwa shida, hivyo fimbo hapana budi ishuke hata penye unyevu. Tena wako watu wanaoukata waya huo usiku ili wakauze shaba. Aukataye haoni badiliko lolote: taa zaendelea kuwaka, mashine ya posho yasaga. Badiliko huonekana siku ya mvua ya alasiri, radi inapopiga, transfoma ikaungua, na zahanati ikalala gizani pamoja na chanjo zinazotaka baridi.

Aonaye waya umekatwa chini ya nguzo asiuguse, wala asijaribu kuufunga mwenyewe. Apeleke habari kwa kampuni ya umeme siku hiyo hiyo, kabla ya mvua.