Chumba Kidogo cha Mama wa Shunemu

Leo twataka kuzungumza habari za nyumba. Si nyumba ya ibada, bali nyumba ile uliyolala usiku wa jana. Somo letu limo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa nne, kuanzia mstari wa nane.

Katika mji wa Shunemu alikuwako mama mmoja mwenye mali. Kila mara nabii Elisha alipopita njia ile, mama huyu alimkaribisha chakula. Mwishowe akashauriana na mumewe kwamba wamjengee mtu huyu wa Mungu chumba kidogo juu ya dari, apate mahali pa kupumzika. Basi angalieni aliweka nini ndani yake: kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu! Naye alikuwa tajiri. Kama angalitaka kukijaza chumba kile mpaka mlangoni, angaliweza. Lakini twaona kwamba alimfikiria mtu atakayeingia humo. Mtu huyo atalala, ataketi, atakula mkate wake, na giza likiingia atahitaji kuona. Kila kitu kilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya kumtumikia mtu.

Sasa tutoke Shunemu tuje kwetu Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru. Sisi wachungaji huingia nyumba nyingi, za mbao na za mawe, za wenye mashamba ya ngano na viazi, na za vijana wanaopanga chumba kimoja kwa sababu ya kazi ya maua. Na katika nyumba nyingi twakuta jambo moja. Sebule ndiyo chumba kizuri kupita vyote, lakini hakuna anayeketi humo. Viti vimefunikwa vitambaa vyeupe, na vitambaa navyo vimefunikwa nailoni visichafuke. Vikombe vizuri vimefungiwa kabatini vikimngoja mgeni, na mama mwenye nyumba anywea kikombe kilichokatika mkono. Ukutani pana kalenda za miaka sita iliyopita. Ukipita sebule ukaenda vyumba vya nyuma, huko ndiko wenye nyumba wanakoishi, nao wanaishi pamoja na gunia la viazi, pampu ya kunyunyizia dawa, redio isiyosema tangu mtoto wa kwanza alipokuwa darasa la pili, viatu vya mguu mmoja, na debe lisilo na kitako.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku hizi ukiinama hukipati, kwa maana mvungu umejaa!

Babu zetu hawakuishi hivyo. Nyumba ya mama wa Kikikuyu ilikuwa duara moja tu, ndogo kuliko sebule nyingi za leo, tena ndani yake walilala watu na mara nyingine kondoo wa kunenepeshwa. Lakini kila kitu kilikuwa na mahali pake. Moto ulikuwa katikati. Mama alikuwa na kitanda chake, wasichana walikuwa na sehemu yao iliyoitwa kiriri, vyakula na vyombo vilikuwa katika thegi, na kondoo yule naye alikuwa na kizimba chake. Mtoto angeweza kuingia gizani akakipata kibuyu bila kuuliza. Basi udogo wa nyumba si sababu ya fujo. Tumeona chumba cha kijana mmoja mfanyakazi wa maua, futi kumi kwa kumi, pazia limegawanya kitanda na viti, sufuria zimetundikwa kwa misumari, na mgeni akikaribishwa hapo ataketi kwa raha.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuwacheka wazee wetu kwa sababu ya vitu wanavyoviweka. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wa nchi ya Wakikuyu na jirani zao na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Zaidi ya watu milioni moja waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zao za zamani zilibomolewa na nyingine kutiwa moto, na mtu alikwenda na kile alichoweza kubeba kichwani na mgongoni. Wengine wa watu hao, au watoto wao, ndio waliokuja upande huu wa mlima baada ya Uhuru wa mwaka 1963 kutafuta shamba. Mama aliyewahi kuona nyumba yake yote ikiwa majivu hawezi kutupa sufuria kwa sababu imetoboka. Ukimwambia, “Mama, hiki ni takataka,” hakusikii, kwa maana yeye aliishi siku ambazo sufuria kama hiyo ilikuwa mali ya nyumba nzima. Vijana mnaorudi kutoka Nairobi wakati wa Krismasi na kuanza kuchoma vitu vya mama nyuma ya nyumba, mwogopeni Mungu. Keti naye. Muulize kila kitu kilitoka wapi. Vingine atavitoa mwenyewe baada ya kukusimulia, na vile asivyovitoa, mtafutie rafu.

Lakini kuna jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia, nalo ndilo lililotufanya tuchague somo hili.

Timau ni mahali pa baridi. Tuko juu zaidi ya mita 2,000, na mwezi wa Juni mpaka Agosti upepo wa mlimani huingia katika kila ufa wa mbao. Jioni, familia ikisha kupika, jiko la makaa huingizwa chumba cha kulala ili watoto wapate joto. Mlango hufungwa. Dirisha nalo lilikwisha kufungwa zamani, kwa sababu mbele yake pamepangwa masanduku mpaka juu na halifunguki tena. Ndugu zetu, hivyo ndivyo watu wanavyokufa. Makaa yanapowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimfanyi mtu akohoe. Huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni, na mwili hukosa pumzi huku mtu akiendelea kuvuta hewa kama kawaida. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, mwili hulegea. Na aliyelala haamki ili ajue kwamba anaumwa. Wengi hudhani kwamba makaa yakisha kuwa mekundu, bila moshi, hayana hatari. Sivyo hata kidogo! Makaa hayo mekundu ndiyo yanayodanganya, kwa kuwa hayana moshi wa kukuonya.

Na sasa sikilizeni jambo la kuhuzunisha. Katika nyumba nyingi ambamo jiko huingizwa chumbani, kuna sanduku la bati lililofungwa kwa kufuli, na ndani yake mna blanketi mbili au tatu nzito ambazo hazijawahi kufunika mtu. Zimewekewa wageni. Au zimewekewa siku ya msiba, watu wasije wakatucheka. Watoto wa nyumba wamefunikwa shuka moja wakiota moto wa makaa, na joto lao limelala ndani ya sanduku, na sanduku lenyewe ndilo lililoziba dirisha. Twasema kwa upendo, na akina baba pia wasikie: fungueni sanduku hilo leo. Mgeni akija mwezi wa kumi na mbili atajifunika blanketi iliyokwisha kutumika, na hatadhurika. Lisogezeni sanduku, dirisha lifunguke, na jiko litoke nje kabla ya taa kuzimwa. Mkimkuta mtu ameleweshwa na hewa hiyo, mtoeni nje mara moja kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Moshi wa jikoni nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokanayo zaidi na kuni, makaa na mafuta ya taa. Na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Ukiondoa makorokoro yaliyoziba tundu la moshi, umefanya kazi kubwa kuliko kununua pazia jipya.

Na madawa ya shamba je? Hapa kwetu viazi havikui bila kunyunyiziwa dawa, na chupa ya dawa huwekwa mvunguni kwa hofu ya wezi. Mbaya zaidi ni ile iliyomiminwa katika chupa ya soda. Hizo zitengenezewe kisanduku chenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala. Hatutasema zaidi, kila mzazi anajua mtoto wa miaka miwili anavyopenda soda.

Mtu atauliza, “Mchungaji, vitu vikitoka vitakwenda wapi?” Ni swali jema. Mama yetu Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe kule Nyeri, alikwenda Japani mwaka 2005 akajifunza huko neno moja, mottainai, lenye maana ya kusikitikia kitu kinachopotezwa bure kabla ya kumaliza kazi yake. Alilipenda akalisema katika nchi nyingi. Neno hilo hukataza kutupa ovyo, na pia, kwa maoni yetu, hukataza kuweka ovyo. Maana koti lililofungiwa miaka minane limepotezwa bure kama lile lililotupwa shimoni. Basi koti limwendee mtu mwenye baridi. Viatu vya watoto waliokua viwaendee watoto wa jirani. Debe lisilo na kitako lizungushie mche wa mti. Chuma kina mnunuzi. Na ile mifuko ya plastiki iliyokunjwa chini ya godoro tangu kabla ya marufuku ya Agosti 2017, sasa imengoja vya kutosha! Nyumba ikisha kupungua hivyo, ndipo utaweza kuona nyumba yako ikoje.

Kwa maana kuna wanaofikiri kwamba nyumba nzuri ni ile inayofanana na ya jirani. Fulani amenunua viti vya ngozi kwa mkopo, basi na sisi tunakopa. Viti vinakuja, mlango haufunguki vizuri, mtu anapita ubavu ubavu kama kaa wa pwani, na kila mwisho wa mwezi kuna kilio. Mungu hakukuumba mfano wa jirani yako. Kama wewe wapenda kiti cha miguu mitatu alichochonga babu yako, kiweke mahali pa heshima. Kama mkeo amesuka kiondo kwa mikono yake, kitundike ukutani mahali pa zile kalenda sita. Nyumba za kale za Lamu zina vijumba vidogo vilivyochongwa katika kuta, viitwavyo zidaka, na wenyeji waliweka humo sahani ya kauri au kitabu, na jicho la mgeni likatulia hapo. Hata ukuta wa mbao wa Timau waweza kuwa na rafu moja yenye kitu kimoja kizuri. Rangi nyeupe kidogo juu ya mbao huleta mwanga kuliko taa ya pili. Na vikombe vile vizuri, mama, vitoe. Mume wako na watoto wako pia ni wageni uliopewa na Bwana. Wanywe chai kama watu wanaokaribishwa.

Turudi Shunemu kabla saa yetu haijakwisha, kwa sababu habari ya chumba kile haikuishia kwenye kitanda na taa. Miaka ilipita. Mama yule, aliyekuwa hana mtoto, alimzaa mwana kama Elisha alivyomwambia. Mtoto akakua. Siku moja wakati wa mavuno alikwenda kwa baba yake shambani, akalia kwamba kichwa chamuuma. Wakampeleka kwa mama, naye akampakata magotini mpaka adhuhuri, na mtoto akafa. Je, mama alimpeleka wapi? Alipanda naye darini, akamlaza juu ya kitanda kile cha nabii, akafunga mlango, akaenda mbio kwa punda mpaka mlima wa Karmeli.

Elisha alipofika aliingia chumbani mle, yeye na mtoto peke yao. Palikuwa na nafasi ya kupiga magoti, na nafasi ya kutembea huku na huku akiomba. Mtoto akapiga chafya mara saba, akafumbua macho. Ndipo mama akaitwa, akaanguka miguuni pa nabii, kisha akashuka kutoka darini na mtoto wake mikononi, akiwa hai.