Elimu kwa Mwanamke wa Shamba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, na ninyi akina mama na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani: Wahyi wa kwanza aliouteremshiwa Mtume wetu ulikuwa amri ya kusoma, wala amri hiyo haikumtenga mwanamke. Bibi Hafsa, mkewe Mtume, alifundishwa kuandika na mwanamke mwenziwe, Shifaa binti Abdillahi.

Huenda mtu akasema: hao walikuwa watu wa mji, mwanamke wa shamba, mwenye jembe mkononi na mtoto mgongoni, atasoma saa ngapi? Jawabu limepatikana zamani huko Sokoto, katika nchi ya Wahausa. Nana Asma'u (1793–1864), binti wa Shehu Usman dan Fodio, aliteua wanawake wa vijijini wenye busara, walioitwa jaji, akawavika kofia kubwa ya nyasi iwe alama ya cheo chao. Akawasomesha, nao wakarudi vijijini kuwasomesha wenzao. Mafunzo aliyatunga kwa mashairi ya Kihausa na Kifulani, yapate kuhifadhiwa moyoni hata na asiyejua herufi.

Jambo hili latuhusu sisi. Sura ya An-Nisaa imemthibitishia mwanamke fungu lake katika mirathi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inamtambua kuwa na haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini mjane aletewaye karatasi, akaambiwa atie dole gumba asipojua kilichoandikwa, aweza kulitoa shamba la yatima wake kwa mkono wake mwenyewe. Na anayemdhulumu mara nyingi si mgeni. Ni shemeji yake, naye huenda yumo safuni pamoja nasi.

Basi, watoto wakishatoka chuoni alasiri, jamvi lile lile na ubao ule ule wapewe mama zao, wafundishwe na mwanamke ajuaye. Nasi waume siku hizo tuchote maji na kutafuta kuni. Na binti asiondolewe shuleni kabla hajamaliza.

Ewe Mola, tujaalie tuwe walinzi wa haki, wala usitujaalie kuwa wenye kuila. Amin.