Sebule Inapogeuka Kanisa: Funzo Kutoka Kampala



Mgeni afikaye Kampala siku ya Jumapili asubuhi hana haja ya kuulizia kanisa. Kutoka Makindye hadi Kawempe, nyimbo na makofi humpokea katika kila mtaa. Mengi ya makanisa hayo hayakuzaliwa katika majengo ya ibada. Yalizaliwa sebuleni. Mtu na mkewe husogeza viti ukutani, wakawaalika majirani watano au sita, wakasoma Biblia ya Kiganda, wakamwombea mgonjwa na kumchangia aliyefiwa. Juma la pili huja watu kumi. Sebule ikijaa, watu huketi barazani. Baraza ikijaa, hutandwa turubai uani na kukodiwa viti. Hatimaye hutafutwa kiwanja, na juu yake husimamishwa nguzo za miti na kuta za mikeka ya mafunjo, ambayo Waganda huiita biwempe. Baada ya mwaka 1986, makanisa ya namna hiyo yalichipuka kwa wingi hata yakajulikana kwa jina la mikeka yake.

Si jambo la ajabu. Mtu aliyetoka kijijini kwenda kutafuta kazi mjini hana shangazi wa kumuuguza wala ukoo wa kumzika. Kikundi cha sala nyumbani kwa jirani humpa ndugu. Tena desturi ya kusali majumbani ni ya zamani katika nchi hiyo. Waumini wa uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, wale waitwao Balokole, yaani waliookoka, walikutana majumbani kuungama na kuimba, na moto wao ulivuka mpaka ukafika hata kwetu Bukoba.

Lakini kwa mlinzi wa amani hapo ndipo swali linapozuka. Askari apitaye usiku akasikia vilio na vishindo ndani ya nyumba ya mtu, afanye nini? Katika nyakati mbili tofauti, dola ya Uganda ilitoa majibu mawili, na yote mawili yaliwagharimu raia.

Jibu la kwanza lilikuwa la Idi Amin. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mikononi mwa utawala wake. Mwezi Septemba mwaka huo huo, Amin alipiga marufuku madhehebu na vikundi vya dini zaidi ya ishirini, akiacha Uislamu na makanisa makubwa ya Kikatoliki, Kianglikana na Kiorthodoksi. Je, sala zilikoma? Hazikukoma. Ziliingia vyumbani, mapazia yakashushwa, nyimbo zikawa minong'ono. Askari ambaye angepaswa kuwa ngao ya raia ndiye aliyeogopwa mlangoni. Dola ikajipofusha yenyewe, kwa maana mtu mwema na mhalifu wakilazimishwa kujificha pamoja, nani atawatofautisha? Tarehe 11 Aprili 1979, wapiganaji wetu pamoja na wapiganaji wa ukombozi wa Uganda walipoiteka Kampala, utawala uliotoa marufuku hiyo uliangushwa. Waumini waliokuwa wakinong'ona wakaimba tena madirisha yakiwa wazi.

Jibu la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza, nalo lilikuwa kuridhika na karatasi. Kikundi kilichojiita Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, chini ya Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, kilikuwa kimeandikishwa kisheria kama shirika lisilo la serikali. Hati ilikuwapo na muhuri ulikuwapo. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, mamia ya wafuasi wake, wakiwamo watoto, waliteketea ndani ya jengo ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamefungwa kwa misumari. Wapelelezi walipofuata nyayo za kikundi hicho, walikuta makaburi ya halaiki katika nyumba zake nyingine. Mojawapo ya nyumba hizo ilikuwa Buziga, mtaa wa Kampala wenyewe, mahali penye majirani. Chini ya sakafu yake ilifukuliwa miili zaidi ya hamsini.

Ndugu wasikilizaji, dalili zilikuwapo. Wafuasi waliuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Mume alitengwa na mke, na mzazi na mtoto. Watu walikatazwa kusemezana, wakawa wanaonyeshana ishara za mikono. Waliambiwa kuwa dunia ingekwisha mwishoni mwa mwaka 1999, na mwaka ulipopita dunia ikiwa palepale, wapo waliodai warudishiwe mali zao. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji elimu ya Maandiko ili litambuliwe. Yote ni matendo, na matendo huonekana na jirani, na mwalimu, na mwenyekiti wa baraza la mtaa, ambaye kule huitwa mwenyekiti wa LC1. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaunganisha, kisha kubisha hodi mapema.

Basi kazi ya askari ni ipi? Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda uhuru wa kuabudu, na Katiba yetu inafanya hivyo katika ibara ya 19. Kwa hiyo askari hapimi imani ya mtu. Hana mamlaka ya kuamua nani anasali vizuri na nani anasali vibaya. Anachopima ni matendo, na maswali yake ni mepesi. Mlango uko wazi, na mgeni anakaribishwa? Watoto wanakwenda shule? Mgonjwa anaruhusiwa kwenda hospitali? Anayetaka kuondoka anaondoka salama? Wakijibu ndiyo, na macho ya askari yakathibitisha, waachwe wasali. Pakiwa na kelele, yashughulikiwe kama makosa ya kelele. Uganda ina kanuni zake za kelele tangu mwaka 2003, na haziulizi dhehebu. Lakini mtoto akifungiwa, au mtu akizuiwa kutoka, hapo hakuna tena habari ya dini. Hilo ni jinai, na hati ya usajili iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu.

Tuseme na jambo moja lililo chungu. Yuko askari ambaye hupita kwenye sebule hizo mwisho wa juma kuchukua bahasha, ili kipaza sauti kiendelee kulia. Huyo amejifumba macho kwa malipo. Siku atakapohitaji kuuliza habari za watoto waliomo ndani, atauliza kwa kinywa gani? Yuko na mwingine ambaye, kwa kuwa yeye ni wa dini nyingine, huyaona makanisa hayo yote kuwa wendawazimu. Au kwa kuwa yeye ni muumini wa humo, huyaona yote kuwa matakatifu. Sare ya dola haina dhehebu. Anayeivaa na aende kusali apendako saa za mapumziko yake. Akiwa kazini, awe askari wa wote.

Mlango wa kanisa la sebuleni ubishwe hodi mchana, kwa salamu, askari akijulikana kwa jina na mwenye nyumba, na mwenyekiti wa mtaa akiwa naye. Mchungaji mwema hatakasirika, atamkaribisha kiti. Na asiyetaka mlango wake ubishwe hodi kabisa, huyo ndiye wa kuulizwa zaidi, kwa utaratibu wa sheria, kabla majirani hawajaitwa kushuhudia sakafu ikifukuliwa.