Fashanu, Collins na suala la mkataba

Mada hii nimepewa kwa kuwa "wewe ni mwanasheria". Bado ni mwanafunzi jamani, lakini haya.

Mwanamichezo wa kulipwa akitangaza kuwa ni shoga, watu humpokeaje? Wengi tunasikiliza kelele tu, nani katukana, nani kapongeza. Mimi naomba tuangalie kazi yake. Alibaki nayo?

Justin Fashanu, baba yake Mnigeria, alinunuliwa na Nottingham Forest mwaka 1981 kwa pauni milioni 1. Hakuna mchezaji mweusi wa Uingereza aliyekuwa amefikia bei hiyo. Kocha Brian Clough aliposikia anakwenda kwenye klabu za mashoga, akamzuia kufanya mazoezi na wenzake. Mwaka 1990 akajitangaza kwenye gazeti la The Sun. Mashabiki walimzomea, hilo lilitegemewa. Lakini mdogo wake wa damu, John, naye mchezaji, alimkana hadharani. Mwaka 1998, akikabiliwa na tuhuma ya jinai Marekani ambayo aliikanusha, alijiua. Alikuwa na miaka 37. Ikapita karibu miaka 32 tangu tangazo lake ndipo Jake Daniels wa Blackpool, dogo wa miaka 17, akajitangaza naye huku bado anacheza.

Sasa njoo NBA, Aprili 2013. Jason Collins anajitangaza, Rais Obama anampigia simu. Kobe Bryant anamuunga mkono Twitter, Kobe yuleyule aliyepigwa faini ya dola 100,000 mwaka 2011 kwa kumwita refa jina la kuwadhalilisha mashoga. (Faini nene inafundisha.) Makofi kila kona. Ila mkataba wa Collins ulikuwa umekwisha, na alikaa bila timu hadi Februari 2014, Brooklyn Nets walipompa siku 10.

Sisemi alikosa timu kwa sababu ya tangazo. Alikuwa na miaka 35 na hakuwa mfungaji. Huo ndio ugumu wa kesi za ajira, mwajiri halazimiki kukwambia kilichomo moyoni. Na wakati huo sheria ya shirikisho ya Marekani haikumlinda waziwazi mfanyakazi shoga. Mahakama ya Juu ilikuja kusema analindwa mwaka 2020, kwenye kesi ya Bostock, mtumishi wa kaunti huko Georgia. Alifukuzwa kazi muda mfupi baada ya kujiunga na ligi ya softiboli ya mashoga. Michezo tena!

Hapa nyumbani kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika hadi kifungo cha maisha, kwa hiyo msitegemee mchezaji wa Ligi Kuu ajitangaze kesho. Ila kuna kipande kinatuhusu. Kwenye magrupu yetu, mbunge akihama chama, anaitwa shoga. Refa akinyima penalti, shoga. (Sisi wasichana tunaoitana shoga tangu shule ya msingi tunabaki kucheka.) Ushahidi hamna. Tunalichagua neno hilo kwa sababu tunajua linaweza kumtoa mtu kazini na kwenye chumba alichopanga. Na sisi ndio tunaopiga kelele mwalimu akihamishwa kwa sababu ya kadi ya chama.

Maadmini wa mikoa mko humu. Naomba neno hilo lipigwe marufuku kwenye magrupu wiki hii. Kanuni nitaziandika mimi, bure.