Askari Aliyeumia Ubongo na Cheti Chake cha Kutoka Jeshini

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mjini Meru mbele ya wazazi na jamaa za askari.)

Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo linalosumbua nyumba kadha wa kadha za nchi yetu, ijapokuwa halisemwi kwa sauti. Ni habari ya kijana aliyekwenda Marekani, akaingia katika jeshi la huko, akatumika vizuri, kisha akaachishwa kwa karatasi mbaya. Jirani husema, "Ameharibika." Wazazi nao huona haya, wakanyamaza.

Vijana wetu walioingia jeshi lile si haba. Wengine waliingia kwa kuwa na kibali cha kukaa Marekani daima. Wengine waliingia kwa mpango ulioanza mwaka 2009 wa kuwaandika wageni wenye ujuzi wa lugha ambazo jeshi lilizihitaji, nao mpango huo ulisimamishwa mwaka 2016. Baadhi ya waliokwenda walifika hata Iraki na Afuganistani.

Kabla ya kueleza sheria, nianze na habari ya nyumbani kwetu. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa Burma mwaka 1944. Katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua nyingi, bomu la Wajapani lilianguka karibu na shimo alimokuwa. Wenzake wawili walikufa. Yeye hakutoka hata tone la damu. Alizimia, akazinduka, akapewa maji, akaendelea na safari. Lakini tangu siku ile alisahau amri alizopewa asubuhi, kelele hakuziweza, na siku moja alimpiga koplo wake kwa sababu ya sahani iliyoanguka. Alifungwa kambini mara mbili. Aliporudi mwaka 1946 cheti chake kilisema kwamba tabia yake haikuwa njema, na kila alipoomba kazi aliambiwa, "Toa cheti." Alikiweka katika mkebe wa majani ya chai mpaka alipokufa. Nimekisoma mwenyewe. Ndani yake hapana neno hata moja juu ya lile bomu.

Bibi yangu alikuwa akisema, "Aliyekwenda siye aliyerudi." Alimjua mumewe kabla ya vita, akamjua na baada yake. Alikuwa shahidi mkubwa kuliko afisa yeyote, ila hapakuwa na mtu aliyemwuliza. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo, maana katika mambo haya ya Marekani siku hizi shahidi wa nyumbani huulizwa, na maneno yake huwekwa katika faili.

Kwanza tufahamu ugonjwa wenyewe. Bomu lipasukapo, hewa husukumwa kwa nguvu nyingi sana, na nguvu hiyo hupita mwilini na kutikisa ubongo ndani ya fuvu. Mtu aweza asiwe na jeraha la kuonekana. Tarehe 8 Januari 2020 makombora ya Irani yalipiga kambi ya Ain al-Asad huko Iraki, na mwanzo ilitangazwa kwamba hapana Mmarekani aliyeumia. Baada ya majuma machache madaktari walikuwa wamekwisha kupata askari zaidi ya 100 walioumia ubongo. Ikiwa madaktari wenye vyombo vyao vyote walihitaji majuma, si ajabu sajini wa kikosi asitambue neno.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kusahau, kukosa usingizi, kuudhika na mwanga au kelele, hasira ya ghafula, na kushindwa kupanga mambo. Sasa mtieni mtu kama huyo kambini, mahali ambapo kuchelewa dakika tano ni kosa. Atachelewa. Atajibu kwa ukali. Huenda akanywa pombe ili apate usingizi, au akaondoka kambini bila ruhusa. Kila kosa huandikwa, na makosa yakikusanyika huachishwa. Daftari la makosa huwa limejaa, na la hospitali halina kitu.

Vyeti vya kutoka jeshi la Marekani vina madaraja. Cha juu ni cha heshima. Cha pili huitwa cha kawaida, nacho bado kimo katika upande wa heshima. Chini yake kiko kisicho cha heshima, kitolewacho na wakubwa wa jeshi bila mahakama. Chini kabisa ni vile vitokavyo katika hukumu ya mahakama ya kijeshi. Daraja huandikwa katika karatasi iitwayo DD 214, na karatasi hiyo humfuata mtu maisha yake yote. Kwa cheti kisicho cha heshima hukosa msaada wa kusomeshwa, na msaada wa matibabu na wa malipo ya ulemavu huwa mgumu kuupata. Na kwa kijana wetu kuna hatari nyingine ambayo Mmarekani wa kuzaliwa hana. Mgeni aliyepewa uraia kwa ajili ya utumishi wake wa wakati wa vita aweza kunyang'anywa uraia huo akiachishwa kwa cheti kisicho cha heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Wazazi wengi hawalijui jambo hili, na hata baadhi ya vijana hawalijui.

Lakini cheti hicho si mwisho wa shauri. Sheria ya Marekani imeweka bodi za kupitia vyeti upya. Askari ambaye hajapitisha miaka 15 tangu aachishwe huandika maombi yake katika fomu DD 293 na kuyapeleka kwa bodi ya kupitia vyeti ya jeshi lake. Aliyepitisha miaka hiyo, au aliyehukumiwa na mahakama kuu ya kijeshi, huandika fomu DD 149 kwa bodi ya kusahihisha kumbukumbu. Bodi hii ya pili ina muda wa miaka mitatu tangu kosa la kumbukumbu lijulikane, ila yaweza kuusamehe muda huo ikiona kwamba haki yataka hivyo. Maombi haya hayana ada yoyote. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu mahali palipo na shida hapakosi mtu wa kuuza fomu ya bure.

Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Chuck Hagel, aliziagiza bodi ziwafikirie kwa moyo mpana askari wenye maradhi ya akili yatokanayo na vita. Tarehe 25 Agosti 2017 yalitoka maagizo mengine, yaliyotiwa sahihi na Bwana A. M. Kurta, yakitaja waziwazi na kuumia kwa ubongo. Maagizo hayo yazitaka bodi zijiulize maswali manne. Je, askari alikuwa na ugonjwa au alipatwa na jambo ambalo laweza kupunguza kosa lake? Je, lilimpata akiwa katika utumishi? Je, kweli lapunguza kosa lile? Na je, lina uzito kuliko sababu ya kumwachisha? Hili la mwisho ndilo gumu. Aliyechelewa kazini au kujibu kwa ukali ana njia nyepesi. Aliyepanga uovu mkubwa kwa makusudi asitumaini sana.

Tena maagizo yasema kwamba ushahidi si lazima utoke katika daftari za jeshi. Maneno ya askari mwenyewe yaweza kutosha kuonyesha kwamba aliumia. Barua za jamaa, marafiki, watu aliokaa nao na viongozi wa dini hupokewa, na kubadilika kwa tabia huhesabiwa kuwa dalili. Hapo ndipo Meru na Embu zinapoingia katika shauri lililo mbali namna hii.

Mimi kazi yangu ni kufasiri. Nimekwisha kuona barua za wazazi, na nyingi hazisaidii, ijapokuwa zimeandikwa kwa machozi. Husema, "Mwanangu ni mtu mwema, tafadhali mhurumieni." Bodi haiwezi kupima neno hilo. Mama mwingine huandika kwamba mwanawe amerogwa, au kwamba ana wazimu. Simcheki, ndivyo alivyoona. Lakini neno "wazimu" likiingia katika faili, mimi mfasiri sina ruhusa ya kulilainisha, nami nitalifasiri kama lilivyo.

Yafaa mzazi aandike alichokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio, pamoja na wakati wake. Tuseme baba wa Chuka ana kijana aliyekwenda Afuganistani mwaka 2012. Baba aandike hivi: kabla ya kwenda alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, akiwauliza wadogo zake habari za shule kwa majina. Tangu mwezi fulani alianza kupiga simu usiku wa manane, akauliza jambo moja mara tatu katika simu moja. Alipokuja likizo alilala mchana na kukaa macho usiku. Pikipiki ikilia barabarani alijitupa chini. Alipotumwa Chogoria kununua dawa alirudi mikono mitupu, asijue alitumwa nini. Baba huyu hakutaja ugonjwa wowote, wala hakujifanya daktari, lakini daktari atakayesoma barua hiyo ataelewa. Na katika bodi za kupitia vyeti, askari aliyepelekwa vitani akaonekana ameumia ubongo ana haki daktari au mtaalamu wa akili awe mmoja wa wanabodi.

Asiongeze chumvi. Kama hapo zamani kijana alikuwa mkaidi kidogo, aseme. Mzee yeyote aliyeketi barazani ajua kwamba shahidi anayemsifu mtu wake kupita kiasi humharibia. Barua iandikwe kwa lugha aijuayo mwenyewe, Kimeru, Kiembu au Kiswahili, itiwe sahihi na tarehe. Kisha ifasiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri aandike jina lake na kuthibitisha kwamba amefasiri sawasawa. Nakala zote mbili zipelekwe pamoja. Kijana akitibiwa hapa nyumbani, hospitalini Meru au Embu, karatasi za daktari zitunzwe, hata ile ndogo ya dawa za kichwa.

Na aliyekwisha kukataliwa asiseme njia imefungwa. Mwaka 2021 mahakama moja ya Connecticut iliidhinisha mapatano ambayo kwayo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilikubali kuyapitia tena maombi mengi lililoyakataa tangu Aprili 2011, yaliyohusu maradhi ya akili na kuumia kwa ubongo. Walioleta shauri hilo walikuwa askari wa zamani, wakisaidiwa na wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Yale. Vyuo vingine vya sheria pia huwasaidia askari bila malipo. Kijana na atafute msaada kama huo kabla ya kutuma maombi, kwa maana faili iliyopangwa vizuri mara ya kwanza ni bora kuliko rufani tatu.

(Wale ambao watoto wao walitoka katika jeshi letu la Kenya, sheria yao ni nyingine, wala sitaki kuzichanganya mbili hizi leo.)

Kabla sijaingia humu, mama mmoja aliyetoka upande wa Runyenjes alinishika mkono mlangoni. Mwanawe amerudi, hakai na watu, hataki kusikia neno la jeshi, hata fomu hataki kuiona. Aliniuliza kama aweza kuomba kwa niaba yake. Mama, nakujibu mbele ya wote. Akiwa hai na mwenye akili timamu, sahihi ni yake mwenyewe. Jamaa huweza kuomba ikiwa askari amekufa, au ikiwa imethibitishwa kwamba hawezi kujisimamia. Lakini barua yako haingoji sahihi yake. Iandike juma hili, kabla hujasahau ni mwezi gani alipiga simu usiku na ni siku gani alijitupa chini. Itie katika bahasha, uiweke pamoja na karatasi yake ya DD 214, mahali pakavu.