Ndugu wa Ugenini

Mji wa Juba una mtaa uitwao Atlabara. Jina hilo limetokana na Kiarabu cha huko, na kwa Kiswahili maana yake ni "toka nje". Wapenzi wa kandanda wa Afrika Mashariki wanalijua kwa sababu nyingine, maana timu ya Atlabara ilitwaa ubingwa wa Sudan Kusini mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikashiriki Kombe la Kagame mjini Kigali. Lakini wako Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo wengi ambao hawakulijua jina hilo uwanjani. Wamelijua katika mitaa ya Juba kwenyewe, wakiwa mafundi ujenzi, mafundi magari, wapishi wa hoteli, madereva wa malori na wauza nyanya. Na baadhi yao wamefundishwa maana kamili ya jina hilo na mtu aliyewapokea kwa Kiswahili safi, akawaita ndugu, kisha akawaacha nje, mfuko mtupu.

Mtu huyo ndiye anayezungumzwa leo, na wanaoombwa wamsikilize kwa makini habari zake ni askari wa majeshi na wa polisi.

Mtu huyo si jambazi. Hashiki bunduki, havunji mlango, wala hamwagi damu. Anachochukua mara nyingi ni kidogo: dola hamsini hapa, dola mia pale, kodi ya chumba ya miezi mitatu, nauli ya kurudi Nimule. Katika udogo huo ndimo anamojificha. Mwizi aliyevunja benki hutafutwa na askari wa nchi nzima. Tapeli wa dola hamsini hutafutwa na aliyetapeliwa peke yake, naye hatafuti kwa muda mrefu, kwa kuwa siku za kukaa zilizogongwa katika pasipoti yake nazo zinakwisha.

Yafaa ikumbukwe jinsi watu hao walivyofika huko. Mkataba wa amani uliotiwa saini mjini Nairobi tarehe 9 Januari, 2005, uliufungua mji ambao vita vya miaka ishirini na miwili vilikuwa vimeufanya kama kisiwa. Mafundi walikuwa haba, vyakula vilikuwa haba, na fedha zilikuwa zikiingia kwa dola. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Julai, 2011, na barabara ya lami ya kilometa 192 kutoka mpakani Nimule ilipokamilika mwaka 2012, watu wakamiminika. Tarehe 15 Aprili, 2016, mjini Dar es Salaam, Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wako waliodhani kuwa tangu siku hiyo kwenda Juba ni sawa na kwenda Tanga au Kisumu.

Mgeni huyo hakuwahi kuwa na usalama wa moyo. Septemba 2014, kwa mfano, ilitolewa amri kwamba kazi za wageni katika mashirika na makampuni zichukuliwe na wananchi. Zilipita siku chache tu, serikali ikailegeza amri hiyo. Lakini katika siku hizo chache, nani aliyekuwa akilala usingizi? Siku za namna hiyo ndizo mavuno ya tapeli. Hahitaji kubuni hofu, maana hofu ipo tayari. Yeye huja na dawa yake tu: nipe pasipoti na dola mia mbili, jina lako litaingia katika orodha.

Hebu itazamwe biashara ya kubadili fedha, ambayo ndiyo shule ya kwanza ya mgeni. Pauni ya Sudan Kusini ilianza kutumika Julai 2011. Hadi katikati ya Desemba 2015 bei ya serikali ilikuwa kiasi cha pauni tatu kwa dola moja, na kichochoroni dola hiyo hiyo ikawa inauzwa kwa pauni nyingi, mara kadhaa ya bei ya benki. Basi mtu mwenye dola zake halali, alizozitolea jasho, akajikuta akizipeleka kichochoroni. Na aliyekwenda kichochoroni kwa hiari yake, akipunjwa atakwenda kumweleza nini mkuu wa kituo? Bei ilipoachiwa mwezi huo wa Desemba thamani ya pauni iliporomoka, na katika miaka iliyofuata dola moja ikafikia kuhesabiwa kwa maelfu ya pauni. Mwaka 2011 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya pauni mia moja. Zile za mia tano na elfu zilikuja baadaye. Fedha ikawa mzigo, ikabebwa kwa mafungu yaliyofungwa kwa mpira.

Sasa nani atasimama juani, kando ya barabara, kuhesabu noti mia tano mbele ya watu asiowajua? Tapeli analijua jibu. Katikati ya fungu hutia noti zilizokunjwa, ili kila moja ihesabiwe mara mbili. Au huhesabu fungu mbele ya macho ya mgeni, likatimia kweli, halafu ghafla akasema, "Samahani kaka, ngoja nirudie, nisije nikakudhulumu." Katika kurudia huko, na kwa jina la uaminifu, noti ishirini zinabaki kiganjani. Au humuuzia mgeni dola za zamani zenye picha ndogo ya kichwa, kwa bei ya kindugu. Dola hizo si bandia, na serikali ya Marekani husema noti zake zote bado ni halali. Lakini wabadili fedha wengi wa Afrika Mashariki huzikataa au huzikata bei, na mgeni hulijua hilo siku anapozihitaji.

Watu wengi wanaposikia habari hizi huuliza: mtu mzima, aliyevuka mipaka miwili, anaingizwaje mjini kama mtoto? Jibu liko katika lugha. Juba huzungumza Kiarabu chake, ambacho msafiri wa Mwanza au Mbale hakijui. Anazunguka siku nzima akielekeza kwa kidole. Halafu sokoni, katikati ya kelele, linamfikia neno: "Karibu, ndugu. Wewe ni wa wapi?" Kiswahili huko hakikosi wasemaji. Kimekwenda na wafanyabiashara, na kimerudi na wananchi wa Sudan Kusini waliokulia ukimbizini Kenya na Uganda, wakiwamo wale wa kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992. Walio wengi kabisa kati yao ni watu wema, nao hutapeliwa vilevile. Lakini mgeni akisikia lugha ya nyumbani haulizi tena jina, haulizi kazi, haulizi makazi. Amekwisha kumpa mwenziwe cheo cha ndugu, na ndugu hadaiwi stakabadhi.

Kwa hiyo isidhaniwe kuwa mgeni hutapeliwa na mwenyeji. Mara nyingi anayemtapeli Mganda ni Mganda, na anayemtapeli Mtanzania ametoka naye mkoa mmoja, anamtajia shule aliyosoma na shangazi anayeuza samaki stendi. Ndivyo chumba kimoja kinavyopangishwa kwa watu watatu, kila mmoja akiwa amelipa miezi kadhaa mbele, na wote watatu wakakutana mlangoni jioni moja na magodoro yao.

Kuna na tapeli wa kazi. Huyu hubeba mkoba wenye karatasi zenye nembo, na hupenda sana nembo ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu tangu Julai 2011 ujumbe wa kulinda amani wa Umoja huo, UNMISS, uko nchini humo, na kila mtu huyaona magari yake meupe. Anauza nafasi ya udereva, ya ulinzi, ya upishi. Anatoza fedha ya fomu, kisha ya daktari, kisha ya kitambulisho. Umoja wa Mataifa umekwisha kutangaza mara nyingi kwamba hautozi hata senti moja katika hatua yoyote ya kuajiri mtu. Tangazo hilo liko wazi kwa dunia nzima, ila kijana aliyeuza ng'ombe wa babake ili apate nauli hataki kuliamini, maana kuliamini ni kukubali kwamba ng'ombe amekwenda bure.

Na askari wasicheke. Ulaghai huo huo una sura yake makambini na vituoni. Yuko anayempigia simu askari akijidai kuwa anamjua mkubwa fulani wa makao makuu, na kwamba jina likitangulizwa na bahasha litaingia katika orodha ya wanaokwenda ulinzi wa amani. Yuko anayewauzia wazazi vijijini nafasi za watoto wao jeshini au polisi, na wazazi wakazinunua, wakapewa hata tarehe ya kuripoti. Nako ugenini, askari aliye katika ujumbe wa kimataifa, mwenye posho ya dola mfukoni, ni windo la tapeli wa dhahabu. Ni kweli kwamba huko Kapoeta, mashariki ya Sudan Kusini, wananchi huchimba dhahabu kwa mikono. Kwa ukweli huo mmoja uongo mwingine wote hupata mahali pa kusimama. Mnunuzi huonyeshwa chembe za dhahabu ya kweli, azipime atakapo. Mzigo wenyewe haufiki. Kinachofika ni madai: ushuru, kibali, hifadhi, nauli ya msindikizaji. Tapeli mdogo wala hana haja ya kuuza shaba kwa jina la dhahabu. Madai hayo yanamtosha kuishi.

Lakini aliye hatari kuliko wote, na anayewahusu wasikilizaji wa leo kuliko wote, ni tapeli anayejivika uaskari. Wakati mwingine anavaa sare iliyoazimwa au kununuliwa. Wakati mwingine hana sare, ana kitambulisho kinachopita mbele ya macho kama umeme, na sauti ya amri. Humsimamisha mgeni jioni, humtaka pasipoti, huigeuza kurasa moja moja, kisha hutikisa kichwa. Kosa limepatikana. Twende kituoni! Hatua kumi mbele, sauti inalainika: lakini wewe ni mtu mzima, tunaweza kumalizana hapa.

Kwa nini mgeni hutoa fedha? Wengine husema ni mjinga, au ni mwoga. Ukweli ni mchungu zaidi. Hutoa kwa sababu hawezi kumtofautisha mtu huyo na askari wa kweli aliyemsimamisha mwezi uliopita, kizuizini, katika nchi hii au ile ya Afrika Mashariki, akamwambia maneno hayo hayo na kupokea bila kuandika stakabadhi. Askari bandia hakubuni mchezo wake. Aliuona ukichezwa. Kila afisa wa kweli anayemalizana na mtu barabarani anamshonea sare tapeli mmoja asiyemjua. Mtu akizoea kwamba sheria huandikwa kituoni, na kwamba fedha ya serikali hulipwa kwa karatasi yenye namba, atamwambia yule wa jioni: sawa, twende kituoni. Hapo tapeli ataanza kukumbuka kwamba ana haraka.

Basi aliyetapeliwa akija kituoni, hupokewaje? Mara nyingi kwa kicheko. Huambiwa tamaa yake ndiyo iliyomponza, na kwamba askari wana kazi za maana. Tamaa haikufutwa katika binadamu kwa tangazo lolote, na sheria haikusema kwamba mwenye tamaa aibiwe. Kanuni ya adhabu ya Tanzania imeweka kifungo kinachofikia miaka saba kwa anayejipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Ile ya Kenya miaka mitatu. Hilo si kosa la kuchekea.

Kuna jambo la kitaalamu hapa ambalo huua kesi nyingi. Mahakama za Kenya zimeshikilia mara kwa mara kwamba ahadi ya mambo ya kesho, peke yake, si udanganyifu unaotajwa na sheria hiyo; uongo uwe wa jambo lililopita au lililopo. Mlalamikaji hufika na kusema, "Aliniahidi atanipatia kazi," na askari mvivu huandika hivyo hivyo na kufunga daftari. Askari makini humuuliza zaidi. Alijitambulisha kuwa nani siku ile? Alisema ameajiriwa wapi? Alionyesha karatasi gani, na alisema imetoka ofisi ipi? Kumbe aliahidi kazi, ndiyo, lakini kabla ya kuahidi alisema, "Mimi ni afisa wa utumishi." Huo ni uongo wa siku ile ile, na ndio utakaosimama mahakamani. Tofauti ya maelezo hayo mawili ni dakika kumi za kuuliza.

Tatizo la mwisho ni mpaka. Mlalamikaji yuko Juba, simu ya tapeli ni ya Kampala, fedha imetolewa kwa wakala wa mji wa tatu. Jalada ni la nani? Wakuu wa polisi wa nchi za ukanda huu wameunda jumuiya yao ya ushirikiano, EAPCCO, tangu mwaka 1998, na Sudan Kusini ilijiunga na Interpol mwaka 2011, miezi michache baada ya uhuru. Njia ya kupitishia taarifa, kwa hiyo, ipo. Lakini njia hiyo hupitisha tu kile kilichoandikwa: namba ya simu, tarehe, kiasi, maneno yaliyotamkwa, sura ya mtu. Kisichoandikwa kituoni hakiwezi kuvuka Nimule. Na mwenye kuyajua hayo yote ni yule aliyetapeliwa, ambaye wakati huu pengine amesimama nje ya mlango wa kituo fulani, karatasi ya wakala mkononi, akisitasita kuingia.