Kinga Isiyoomba Ruhusa



Nimekuja na kitu kimoja mkononi. Ni kibomba cha plastiki, chembamba kama kalamu, cha kubebea jeli kidogo. Mwanamke hukiingiza ukeni kabla ya kujamiiana, akasukuma, akakitoa, basi. Kondomu ya kiume inamtaka mwanamume akubali. Hiki hakimtaki akubali, wala si lazima ajue.

Mwaka 1990 Zena Stein, mtafiti mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi New York, aliandika kwamba wanawake wanahitaji kinga ya VVU wanayoweza kuitumia wao wenyewe. Wakati ule mwanamke aliambiwa awe mwaminifu na atumie kondomu. Uaminifu wa mke haumlindi kama mume ana wengine nje, na kwenye kondomu mwenye kauli ni mume huyo huyo.

Ya kwanza kutegemewa ilikuwa nonoksinoli-9, dawa iliyokuwa ikiuzwa miaka mingi kwa kuua mbegu za kiume. Katika maabara iliua virusi hivyo vizuri. Lakini iliviua kama sabuni inavyokata mafuta, na sabuni haichagui: utando wa uke nao ulichubuka. Ilijaribiwa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Matokeo yalipotangazwa Durban mwaka 2000, ilionekana kwamba walioitumia mara nyingi kwa siku waliambukizwa VVU zaidi kuliko waliopewa jeli isiyo na dawa. Kila mwanafunzi wangu huanzia hapo.

Ikaja jeli ya karajinani, dutu itokanayo na mwani. Mwani wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani huuzwa nje kwa ajili ya dutu za jamii hiyo hiyo. Wanawake zaidi ya 6,000 wa Afrika Kusini walishiriki kuijaribu jeli hiyo. Haikuwadhuru, haikuwakinga. Watafiti walipovichunguza vibomba vilivyorudishwa, waligundua kuwa jeli ilitumika katika chini ya nusu ya matendo yote ya kujamiiana.

Hapa kwetu Mwanza walioitikia wito wa kujaribu jeli nyingine, PRO 2000, walikuwa wahudumu wa baa, wa nyumba za wageni, na mama lishe. Pamoja na wenzao wa Uganda, Zambia na Afrika Kusini, walifika 9,385. Fikirieni siku ya mama lishe: kuamka alfajiri, moto, masufuria, wateja. Katikati ya hayo aende kliniki, apimwe, ajibu maswali ya chumbani kwake. Desemba 2009 wakaambiwa jeli hiyo haikingi. Jibu hilo tulilipata kwao, na deni lao bado liko kwetu.

Mwaka uliofuata KwaZulu-Natal ilitupa furaha. Jeli ya tenofoviri, kwa wanawake 889, ilipunguza VVU kwa 39% na malengelenge ya sehemu za siri kwa 51%. Kisha utafiti mkubwa wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe haukuona kinga hiyo. Wanawake walisema wanatumia. Katika sampuli nyingi za damu dawa haikuonekana.

Hapo natofautiana na wenzangu waliosema wanawake walidanganya. Walipohojiwa baadaye walieleza: anayekutwa na dawa hizo hudhaniwa ameathirika, na mume aliyezikuta huuliza zinatoka wapi. Tuliwapa kinga ya siri ambayo haikuwa na mahali pa kufichwa.

Pete ya dapivirini ni jibu mojawapo la tatizo hilo. Inakaa ukeni mwezi mzima. Mwaka 2016 tafiti mbili zilionyesha inapunguza maambukizi ya VVU kwa karibu 30%, ingawa katika mmojawapo wasichana wa miaka 18 hadi 21 hawakupata kinga. Januari 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza iwe chaguo la ziada. Mwaka 2024 ikaja sindano ya lenakapaviri, mara 2 kwa mwaka: kati ya wanawake 2,134 waliochomwa Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja aliyepata VVU.

Nilishangilia kama ninyi. Lakini pete na sindano hizo hazizuii kisonono, klamidia, trikomona wala kaswende. Magonjwa haya manne huambukiza watu wazima zaidi ya mara milioni 1 kila siku duniani, na wanawake wengi huwakalia mwilini bila dalili. Tena ni mkoa wetu huu uliouonyesha ulimwengu, mwaka 1995, kwamba kuyatibu vizuri kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu 40%.

Basi nawaomba mnaoshika mafungu ya utafiti: msilifunge faili la jeli kwa sababu VVU imepatiwa sindano. Na kabla hamjachanganya dawa nyingine, nendeni mkamuulize mama lishe ataiweka wapi.